Kuku Alee, Kanga Alinde

Leo tutamzungumzia kuku, lakini hatakuwa peke yake. Tunamletea mwenzake wa uani: kanga.

Kanga mnamjua. Ni yule ndege wa kijivu mwenye madoa meupe mwili mzima, kichwa hakina manyoya, utosini ana kijipembe. Ukisafiri kutoka Mwanza kwenda Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, utawaona makundi kwa makundi wakikimbia kandokando ya barabara. Ni ndege wa Afrika hii hii. Na kumfuga si jambo jipya. Kaskazini mwa Ghana na kule Burkina Faso, kanga ni mfugo wa kawaida kabisa wa nyumbani. Wagiriki na Warumi wa kale nao walimfuga, naye asili yake ni kwetu. Lakini huku ukanda wa Ziwa Victoria wanaomfuga bado ni wachache, na wengi walioanza wameishia njiani. Kwa nini? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: je, kanga na kuku wanaweza kuishi pamoja? Wanaweza. Lakini sharti lipo, na nitalirudia mara kadhaa mpaka likukae: kanga wako wa kwanza alelewe na kuku. Usimnunue kanga mkubwa ukamwachia uani ukitegemea atazoea. Hatazoea. Ataruka ukuta, atapanda mwembe wa jirani, na kesho yake atakuwa mtaa wa pili. Kanga aliyeanguliwa chini ya kuku, akamfuata kuku kula, akamfuata kuku kuingia bandani jioni, huyo ndiye anayejua kwao ni wapi.

Sasa tuingie kwenye kulalia mayai, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kanga mwitu hutaga msimu wa mvua, na hata wa kufugwa huufuata msimu huo. Anatafuta kichaka, au nyasi ndefu nyuma ya jiwe, anakwangua kishimo, anaanza kutaga. Mara nyingi majike wawili watatu hutaga kiota kimoja, kwa hiyo usishangae kukuta mayai 20 au zaidi. Ni mayai madogo kuliko ya kuku wa kisasa, na ganda lake ni gumu kwelikweli. Ukikiona kiota, usibebe mayai yote. Bakiza machache. Ukiyamaliza, kanga anahama, na utaanza kutafuta upya kila uchochoro.

Je, umwache kanga mwenyewe aatamie? Ushauri wangu ni usimwache. Kanga huatamia vizuri, lakini kulea ni shida. Asubuhi na mapema anaondoka na watoto, anawapitisha kwenye nyasi zenye umande, naye anakwenda mwendo wake wa haraka. Vifaranga wanalowa, wanapoa, wanabaki nyuma mmoja mmoja. Jioni anarudi na wawili kati ya kumi na wanane. Wala si kwamba hana huruma. Porini wazazi wote wawili husaidiana kulea, na mara nyingi mahali wanapolelea ni pakavu zaidi. Uani kwako, nyasi za masika zikiwa zimefika magotini, mambo ni tofauti.

Kwa hiyo mayai yale mpelekee mtetea wa kienyeji. Mama yangu unayenisikiliza, unamjua kuku wako mmoja mtulivu, yule anayelalia bila kuhamahama na hadonoi watoto wa mwenzake. Huyo ndiye. Mpe mayai 12 au 15 kulingana na ukubwa wake. Na hapa shika hesabu, kalamu iwe karibu: yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Yai la kanga huchukua siku 26 mpaka 28. Narudia: kuku 21, kanga 26 mpaka 28.

Hesabu hiyo ina maana gani? Ina maana usichanganye mayai ya kuku na ya kanga siku moja chini ya kuku mmoja. Vifaranga vya kuku vitaanguliwa, mama atasikia sauti zao, atainuka kwenda kuwatafutia chakula, na mayai ya kanga yatapoa karibu wiki nzima kabla ya wakati wake. Wapo watu wameyatupa mayai ya namna hiyo wakisema kanga hawaanguliki. Wakiyapasua wanakuta vifaranga waliokwisha kuumbika. Ukitaka kuchanganya, tanguliza ya kanga, na baada ya siku 7 ongeza ya kuku. Mimi napendelea kuku mmoja awe na ya kanga matupu. Na kwa kuwa analala siku nyingi kuliko alivyozoea, msogezee maji na punje za mtama au mahindi karibu na kiota, asikonde.

Wameanguliwa. Utaona vifaranga vya rangi ya kahawia vyenye michirizi, miguu na midomo myekundu kwa mbali, vyepesi kukimbia ajabu. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Kifaranga wa kanga akishavuka wiki sita amekuwa ndege mgumu kuliko kuku. Kabla ya hapo anauawa na vitu vidogo: unyevu, baridi, na chombo cha maji.

Ndiyo, chombo cha maji. Wanazama. Weka maji kwenye kisahani kifupi, ujaze kokoto humo ndani, wanywe katikati ya mawe. Mawe hapa Mwanza hatununui. Na sakafu je? Usiwaweke juu ya saruji laini, wala nailoni, wala gazeti. Miguu yao huteleza na kutanuka, na mguu ukishatanuka hivyo siku za mwanzo si rahisi kifaranga kusimama tena. Tandika gunia kavu siku za kwanza, kisha maranda au pumba za mpunga wakishajua chakula ni kipi. Mama yao wa kuku atawapa joto. Kama huna kuku wa kulea, umeangulisha kwa mashine, itabidi uwape joto mwenyewe: nyuzi kama 35 wiki ya kwanza, ukipunguza nyuzi mbili tatu kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa, acha nafasi hewa ipite, maana moshi ule usioonekana unaua vifaranga, na unaua watu pia.

Wafungie na mama yao ndani ya banda wiki ya kwanza na ya pili. Baadaye watoke mchana, umande ukiwa umekauka, warudi mapema. Mvua ikitanda juu ya ziwa, na sisi tunajua jinsi wingu la Ziwa Victoria linavyoweza kuja mara moja, mwite mama yao kwa chakula. Yeye akiingia, wao wanaingia. Unaona sasa kwa nini nilisema kanga alelewe na kuku? Huhitaji kuwafukuza kanga kumi na tano. Unamwita kuku mmoja.

Tuje kwenye chakula, na hapa watu wa kando ya ziwa tuna bahati. Kifaranga wa kanga anahitaji chakula cha kujenga mwili kwa wingi kuliko kifaranga wa kuku. Pumba za mahindi peke yake zitamdumaza. Porini anaishi kwa wadudu. Sisi tuna dagaa. Nenda Kirumba pale Mwaloni, utakuta dagaa wa chakula cha mifugo wa kila daraja. Lakini chagua kwa macho na mikono. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga wanabeba mchanga, na mchanga unaununua kwa kilo kwa bei ya dagaa. Watafute waliokaushwa juu ya vichanja. Ukikosa, pepeta, chekecha, ndipo utwange. Tena uliza kama wametiwa chumvi. Wenye chumvi waache, kwani chumvi nyingi ni sumu kwa vifaranga.

Changanya dagaa waliotwangwa na pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti, na soya iliyokaangwa kama unayo. Ongezea mchwa. Mnakumbuka utegaji ule wa mchwa, wa chungu kilichojazwa samadi kavu na mabua, kikafunikwa juu ya njia ya mchwa, ukanyunyizia maji jioni? Asubuhi kimejaa. Ni chakula cha bure. Na ndege ukitaka kumuuza au kumchinja, mwondolee dagaa wiki mbili tatu kabla, la sivyo nyama itanukia samaki na mteja hatarudi.

Kanga mkubwa, yeye anajitafutia. Anakula panzi, viwavi, mbegu za magugu, hata kupe. Lakini kuhusu kupe niseme wazi: wako watu wanadhani ukiwa na kanga huhitaji tena kuogesha ng'ombe. Si kweli. Kanga atapunguza kupe kadhaa malishoni, ila josho libaki palepale. Na kwa ndugu zangu wa Magu, Kwimba na Misungwi mnaolima pamba: siku unazopiga dawa, na siku zinazofuata, kuku na kanga wote wabaki ndani. Mdudu aliyekufa kwa dawa akiliwa, dawa hiyo inaendelea na kazi tumboni mwa ndege.

Haya. Wamekua, miezi mitatu minne, wanachanganyika na kuku wako. Watapatana? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, hasa kwa kuwa wamelelewa pamoja. Ila kanga ni mbabe. Anakimbia haraka, anadonoa na kurudi nyuma, na jogoo aliyezoea kupigana ana kwa ana hajui la kumfanya. Vurugu huwa kubwa majira ya kutaga. Dawa yake ni nafasi. Weka vyombo vya chakula viwili au vitatu, mbalimbali, asiyetaka ugomvi apate pa kulia. Weka vichanja vya kulalia, vya kanga viwe juu zaidi, maana anapenda juu. Usiwabane kanga na majogoo mchana kutwa ndani ya kibanda kidogo. Kama uwanja wako ni mdogo kiasi hicho, basi fuga kuku tu, ufuge vizuri.

Na madume ya kanga yasizidi. Dume mmoja kwa majike wanne au watano anatosha. Utawatambuaje, na wote wana sura moja? Sikiliza. Jike hutoa mlio wa sauti mbili zinazofuatana, tena na tena. Dume hawezi mlio huo, yeye ni sauti moja tu ya mkwaruzo. Jike anaweza kutoa sauti ya dume akishtuka, kwa hiyo usimhukumu ndege kwa kumsikia mara moja. Angalia pia ndevu za mashavuni, za dume ni kubwa na zimejikunja zaidi.

Sasa faida yake kubwa uani, ambayo kwangu inazidi hata mayai. Kanga ni mlinzi. Mwewe akitokea angani juu ya kilima cha Bugando, kanga amekwisha kumwona. Kicheche akinyemelea, nguchiro akichungulia, nyoka akipita chini ya jiwe, kundi zima linapiga kelele na kukimbia pamoja, na kuku wako wanajifunza kukimbilia bandani kwa sauti hiyo. Kwa wanaoishi ufukweni, kule Luchelele, Kayenze, visiwani, mnajua taabu ya kenge. Anaibuka kwenye matete, anaingia banda, anameza mayai na vifaranga. Kanga hatamwua kenge, lakini atakupigia kelele mpaka utoke. Mfugaji akiisikia hiyo kelele atoke. Wengi wanaizoea, wanaendelea kulala, halafu wanasema kanga hawana faida.

Lakini kelele hiyo hiyo ni mzigo kwa jirani. Mitaa yetu ya milimani, Igogo, Mabatini, nyumba imepanda juu ya nyumba. Ukuta wako ndio ua wa mwenzako. Kanga hupiga kelele alfajiri, hupiga kelele mgeni akipita, wakati mwingine usiku wa mbalamwezi. Kwenye mtaa wa namna hiyo sikushauri kabisa. Ukiwa na eneo, Kisesa, Usagara, Sangabuye, hapo sawa. Na hata huko, kabla ya kuwaleta, nenda kazungumze na jirani. Mpelekee mayai msimu ukifika.

Magonjwa. Nitaanza na kideri, maana ndicho kinachofagia mabanda yetu, hasa kiangazi. Watu husema kanga hapati kideri. Msikilizaji, kanga ni mvumilivu kuliko kuku, lakini anakipata, na anaweza kukileta kwa kuku wako huku yeye mwenyewe anaonekana mzima. Kwa hiyo chanjo ni kwa wote. Tunayo chanjo inayotengenezwa hapahapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, ile ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine. Tone moja jichoni, ndege mkubwa na mdogo kipimo ni kilekile, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Chanja ndege wazima. Ugonjwa ukishaingia, chanjo haiponyi. Na usingoje jirani aanze kuzika kuku wake, kwani kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kichupa kimoja kinatosha ndege wengi kuliko ulio nao wewe, kwa hiyo kubalianeni nyumba tano sita, mchanje siku moja. Narudia kwa anayefungua redio sasa hivi: chanjo ya kideri, kila miezi mitatu, kuku na kanga pamoja.

Kumkamata kanga kwa chanjo kuna namna yake. Usimshike miguu kama unavyomshika kuku. Miguu yake huteguka na kuvunjika upesi. Mfuate usiku akiwa kwenye kichanja, kwa mwanga hafifu, mkumbatie mwili mzima na mbawa zake. Na minyoo usiisahau. Kuna mnyoo wa kuku unaobeba ugonjwa wa ini na utumbo unaoweza kumdhuru kanga pia. Dawa ya minyoo, banda kavu, samadi iondolewe. Mweleze afisa mifugo wa kata yako kwamba kuku na kanga wanakaa pamoja, akupangie.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Wanaouza vifaranga vya kanga kwa bei ya kuruka wanakuja na maneno mengi: mayai yake yanatibu hili na lile, soko ni la uhakika, utakuwa tajiri. Tunakumbuka kware? Mwaka 2013 majirani zetu Kenya walifuga kware kwa kasi, wakiaminishwa mayai yake ni tiba ya kila maradhi. Mwaka 2014 bei ikaporomoka, watu wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasio na mnunuzi. Hata huku wapo walioumia. Yai la kanga ni chakula kizuri. Si dawa ya kisukari wala ya presha. Usiache dawa zako za hospitali kwa ajili yake, na usikope fedha kununua kanga mia. Anza na mayai 12 chini ya kuku mmoja.

Na mayai hayo uyapate wapi? Hapa naomba usikivu wenu, hasa vijana wa Busega na Bunda mnaopakana na hifadhi ya Serengeti. Usiyaokote porini, wala usikamate vifaranga huko. Kanga mwitu ni mnyamapori, naye analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumchukua bila kibali ni kosa, na watu wanafungwa kwa mambo waliyodhani ni madogo. Nunua kwa mfugaji anayejulikana, mdai maandishi ya mauziano, na kabla hujaanza fika ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako uulize utaratibu wa vibali vya kufuga. Swali halitozwi fedha.

Vuli ikianza, kuanzia Oktoba, kanga wataanza kutaga. Anayetaka kuanza mwaka huu ana kazi ya kufanya kabla ya hapo: chanjo ya kuku alio nao, kuziba matundu ya banda, na kumtenga yule mtetea mtulivu, ale vizuri, ili mayai ya kanga yakipatikana naye awe tayari kulalia. Barua na maswali yenu kuhusu vifaranga waliokwisha kuanguliwa nitayajibu wiki ijayo, siku na saa hii hii.